Taa Iliyowaka Tongoni

Mwamvua aliingia gerejini kwangu Jumanne asubuhi, akaizima pikapu mlangoni, akashuka bila kusalimia. Hapo nikajua taa imewaka tena. Tangu aolewe na rafiki yangu Uweso, yapata miaka thelathini sasa, mwanamke yule hajawahi kunipita bila shikamoo.

"Imewaka," alisema.

"Salamu yangu iko wapi?"

"Shikamoo, shemeji. Imewaka."

"Marahaba. Imewakia wapi?"

"Tongoni. Palepale. Utadhani ina nyumba pale."

Nilifungua mlango wa pikapu nikachungulia. Kwenye dashibodi, chini ya namba za mwendo, taa ndogo ya njano yenye umbo la injini ilikuwa inanitazama. Ilikuwa mara ya nne katika wiki tatu. Kila mara tuliifuta, na kila mara Mwamvua akitoka mjini kushika barabara ya Pangani, akifika Tongoni inarudi.

Gereji yangu iko Chumbageni, nyuma ya nyumba yangu, chini ya bati nililoliezeka mwenyewe. Nina umri wa miaka sabini na mitatu. Baba yangu alishuka kutoka Lushoto kuja kukata mkonge, akafa akiwa hawezi kuandika jina lake. Mimi nilianza kwa kufagia karakana ya shamba la mkonge, nikawa fundi, na nilipofika miaka thelathini na minne nikaanza kwenda shule ya jioni pamoja na makarani na mama wauza vitumbua. Mwaka 1989 nikafaulu kidato cha nne. Cheti kiko ukutani hadi leo, kwenye fremu ya kioo. Tangu hapo kila gari linaloingia kwangu nimeliandika kwenye daftari: tarehe, jina la mwenyewe, ugonjwa, dawa. Ninayo madaftari kumi na tisa. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba sikuwa mtu wa kubahatisha.

Pembeni mwa cheti umening'inia waya mrefu wenye vipande vya shaba, kila kimoja na lebo yake. Ni vitu nilivyovitoa kwenye injini za watu kwa miaka mingi. Mwamvua huuita mtungo wangu wa samaki.

"Samaki wako hawajui dawa ya taa hii?" aliniuliza siku ile.

"Subiri Precious aje."

Precious alikuja kabla ya saa nne, na begi lake mgongoni. Ni binti wa miaka ishirini na saba, fundi wa umeme wa magari aliyesomea chuo cha ufundi, na mashine yake ya kupimia ni ndogo, inaingia kiganjani. Huichomeka chini ya usukani, kisha husoma majibu kwenye simu.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama. Ni mgeni wetu yuleyule?"

"Yuleyule," nilisema.

Akachomeka, akasubiri, akapiga ulimi. "Yuleyule. Namba ya kosa ni P, sifuri, mia moja sabini na mbili. Mchanganyiko mzito. Petroli nyingi, hewa kidogo, na moshi unatoka mchafu."

Tulikuwa tumekwisha kufanya yote ambayo fundi mwenye akili angeyafanya. Kichujio cha hewa tulibadilisha. Plagi tulizikuta nyeusi kama masizi ya chungu, tukaweka mpya. Vipulizio vya petroli tulivisafisha. Mwisho Precious alisema labda sensa, kile kidude cha kupima moshi kwenye bomba, imechoka, Mwamvua akanunua nyingine, na si kitu cha bei rahisi. Taa ikakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu, Tongoni.

Rama, fundi mwenye gereji ng'ambo ya barabara, alikuwa amevuka na kikombe chake cha kahawa kuja kutazama wenzake wakiaibika.

"Mzee Nehemia," alisema, "mnateseka bure. Bandikeni selotepu nyeusi kama zamani. Mimi ndiye niliyembandikia marehemu Uweso, na gari ilikwenda miaka kumi bila taa yoyote."

Kweli. Selotepu ile Precious ndiye aliyeibandua, alipokuwa akisafisha dashibodi kwa ajili ya ukaguzi. Chini yake akaikuta taa inawaka. Hatukujua ilikuwa inawaka tangu lini.

"Mkaguzi ana mashine kama hii yangu," Precious alimwambia. "Mashine haina macho ya kuzibwa selotepu."

"Basi chomoeni balbu."

"Kaka Rama, kanywe kahawa yako."

Mwamvua hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, amejifunika kanga yake hadi mdomoni.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kule Ushongo, alikozaliwa, kikundi cha akina mama huokota plastiki ufukweni, na wenye hoteli za pale walikubaliana kulipia gari la kuzibeba hadi Tanga mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili. Walimchagua Mwamvua kwa sharti moja. Kwa kuwa ni kazi ya kusafisha mazingira, gari lisiwe linachafua hewa. Liende Ushongo Jumamosi saa nne likakaguliwe. Likikutwa na taa ya moshi, kazi inakwenda kwa mtu mwingine aliyekuwa anasubiri. Na Jumatatu yake mnunuzi mmoja kutoka Horohoro angekuja kuichukua pikapu, kwa sababu Mwamvua alikuwa ameshamwambia: nikikosa kazi hii, njoo.

"Ikienda, narudi kukaanga mihogo barazani," alisema. "Si vibaya kukaanga mihogo. Nimelelea watoto kwa mihogo. Ila usukani nilishauzoea, shemeji. Wewe mwenyewe ulinifundisha, nikiwa na miaka hamsini, watu wanatucheka njia nzima."

"Hatuuzi gari," nilisema.

"Hilo ni neno la Msambaa, ubishi tu. Mimi nataka neno la fundi."

Nilichukua daftari jipya na kalamu. "Kesho tunaipeleka barabarani sote watatu. Precious atasoma kila namba kwenye simu, mimi nitaandika. Tuache kubahatisha."

Jumatano asubuhi Precious aliifuta taa, tukapanda. Mwamvua kwenye usukani, Precious katikati na simu yake, mimi mlangoni na daftari gotini. Tulikwenda hadi Kigombe tukarudi, tukaizima injini, kisha tukaanza tena, kwa sababu Precious alisema kompyuta ya gari lile haiwashi taa mpaka ilione kosa katika safari mbili.

Mjini, kwenye foleni, alinisomea namba nami nikaandika. Maji ya injini, nyuzi themanini. Tulipotoka nje ya mji upepo wa shambani ukaanza kuingia, na Mwamvua akakanyaga mafuta.

"Maji?"

"Sabini na moja."

Baada ya kilomita kadhaa nikauliza tena.

"Sitini na tatu."

Mwamvua aliugonga mshale wa joto kwa ukucha. Ulikuwa umelala chini, karibu na alama ya baridi. "Mnaona? Gari ya Uweso haichemki. Yeye alikuwa akijisifu, hata twende wapi mshale haupandi."

"Kazi ya mikono hii," nilisema, na nilisema kwa majivuno, sitaficha.

Tukaingia Tongoni.

"Maji hamsini na saba," Precious alisoma. "Na petroli... kompyuta inajaribu kuipunguza, inapunguza, inapunguza, imefika mwisho wa uwezo wake. Haya. Hiyo."

Taa ikawaka.

Mwamvua alisogea pembeni ya barabara, akasimama. Nilikuwa natazama ukurasa wangu. Nilikuwa nimeandika namba zikishuka kwa safu, themanini, sabini na moja, sitini na tatu, hamsini na saba, na mkono wangu ulikuwa umeanza kuelewa kabla ya kichwa.

"Precious," nilisema, "kompyuta inajuaje kwamba injini imepata moto?"

"Kwa sensa ya maji."

"Na ikiona maji yana hamsini na saba?"

"Inadhani injini ndiyo kwanza imeamka. Inaiongezea petroli, kama asubuhi." Akaitazama tena simu. "Labda sensa ya maji inadanganya, babu."

"Haidanganyi," nilisema.

Nilifunga daftari. Kutoka Tongoni hadi Chumbageni sikufungua mdomo, na Mwamvua akadhani nimekata tamaa. Angalau hilo lingekuwa na heshima zaidi kidogo kuliko ukweli.

Nyumbani nilishusha madaftari ya zamani. La mwaka 2011 lilikuwa limeliwa na mende pembeni, lakini mwandiko ulisomeka vizuri. Machi 14. *Uweso Mbaruku, pikapu. Imechemka njia ya Pangani. Mpira wa rejeta umepasuka, nimeweka mpya. Themostati nimeitoa. Haichemki tena.*

Themostati ni kipande cha shaba, kidogo kuliko kikombe cha kahawa. Ni mlango unaokaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani yapate moto upesi. Yakipata moto wa kutosha mlango unafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Tangu nikiwa kijana karakanani tuliambiana kwamba hicho ni kitu cha nchi za theluji. Tanga kuna joto la bure mwaka mzima, mlango wa kuyazuia maji yasipoe wa nini? Tulivitoa kwenye kila gari lililowahi kuchemka. Wale samaki kwenye waya wangu ni hao. Arobaini na mmoja.

Nilikaa na daftari lile gotini muda mrefu. Mwalimu wangu wa fizikia wa shule ya jioni, mtu mfupi aliyeitwa Timotheo, alikuwa na kanuni moja ambayo alituandikia ubaoni kila Jumatatu: badilisha kitu kimoja, kisha tazama. Mimi siku ile nilibadilisha viwili. Mpira uliopasuka ndio uliokuwa ugonjwa. Nilipouweka mpya gari likapona, na sifa nikazipa kule kuitoa themostati. Halafu nikatembea na kosa hilo miaka kumi na tatu nikiliita utaalamu.

Mke wangu, Lea, alinikuta hivyo.

"Baba Ritha, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Basi mbona umevua miwani na bado unasoma?"

Nilimweleza. Lea hakuwahi kushika spana maishani mwake, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Si uiweke tu?" alisema. "Weka hicho kidude, taa izime, Mwamvua apate kazi yake. Nani atajua?"

Sitasema kwamba wazo hilo halikuwa limenijia. Lilinijia Tongoni kabla hatujageuza gari.

Alhamisi nilizunguka maduka yote ya vipuri mjini nikitafuta themostati mpya ya pikapu ile. Sikupata hata moja. Muuzaji wa mwisho alicheka mpaka akashika kaunta.

"Mzee wangu, mafundi wenyewe mnazitoa na kuzitupa. Mimi nimwagizie nani? Agiza Dar, utaipata Jumanne."

Jumanne ilikuwa mbali. Nikarudi gerejini, nikashusha waya kutoka ukutani. Zenye kipimo cha injini ile zilikuwa tatu. Nikaomba sufuria ya Lea, nikabandika maji kwenye jiko la mkaa, nikachukua kipima joto nilichokinunua nilipokuwa shule ya jioni. Kisha, kabla maji hayajapata moto, nikawapigia simu Mwamvua na Precious waje. Nilifanya hivyo mapema makusudi. Nilijijua. Maji yakichemka na kitu kikafanya kazi, ulimi wangu ungetafuta njia ya kukaa kimya.

Walipofika waliniona nimechutama mbele ya jiko, nimezifunga themostati kwa uzi na kuzitumbukiza.

"Shemeji," Mwamvua alisema, "umeamua kuwapika?"

"Kaa, Mwamvua. Na wewe, Precious. Sensa mliyonunua haikuwa na kosa. Ya zamani nayo haikuwa na kosa. Kosa nililitia mimi mwaka 2011."

Nikawasomea daftari neno kwa neno, kisha nikawasomea namba za jana. Precious alielewa kabla sijamaliza. Alishika kichwa.

"Babu, mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilifundishwa kuzitoa. Kwenye gereji yangu ya kwanza kabisa."

"Na nani?"

"Na fundi aliyefundishwa na wewe."

Mwamvua hakucheka hata hapo. Alikuwa anahesabu kitu moyoni mwake, na nilipomwona uso ukibadilika nikajua ni nini, kwa sababu mimi pia usiku nilikuwa nimekifikia.

"Kwa hiyo gari hii," alisema polepole, "imekunywa petroli ya ziada miaka yote hii."

"Ndiyo."

"Na Suleimani?"

Suleimani alikuwa dereva wa Uweso. Mwaka 2015 Uweso alimfukuza, akisema anafyonza petroli kwenye tangi na kuiuza. Haiwezekani, alisema, gari dogo hivi linakula kama lori. Suleimani aliapa kwa msahafu mbele ya watu. Uweso hakumwamini, na mimi niliyekuwapo, niliyeulizwa kama fundi iwapo injini ina tatizo lolote, nilijibu kwamba injini ni nzima, mshale haupandi hata kidogo.

"Suleimani hakuiba," nilisema.

Mwamvua aliinuka akaenda kusimama mlangoni, ametupa mgongo. Akakaa pale mpaka maji yakaanza kutoa mvuke.

"Uweso amekufa anamwita mwizi," alisema bila kugeuka. "Na mimi nimemwita mwizi. Mwanawe alipooa sikwenda."

Mtu akikosea kwa spana hurekebisha kwa spana, lakini hili halikuwa la spana.

"Babu," Precious alinong'ona, "sabini na tisa."

Tukainama wote. Mwamvua naye akarudi, akainama. Themostati ya kwanza ilikuwa imekufa, kutu imeikamata. Ya pili, ambayo lebo yake ilisema *Uweso*, ilifunguka kidogo na kubaki vivyo hivyo tulipoitoa kwenye maji, haikufunga tena. Ya tatu niliitoa kwenye gari la shamba la mkonge mwaka 2008. Kipima joto kilipofika themanini na mbili, namba ileile iliyogongwa kwenye shaba yake, mlango ulianza kusogea. Ulifunguka taratibu, bila kuguswa na mtu, upana wa kidole. Nikaitoa kwa uzi. Ikapoa, ikafunga.

"Subhanallah," alisema Mwamvua. "Kimya kimya hivyo?"

"Miaka hamsini nazitoa," nilisema, "sijawahi kuitazama moja ikifanya kazi."

Alinitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza wiki ile, akacheka, kicheko kifupi chenye hasira ndani yake. "Msambaa wee. Haya, irudishe ilipotoka. Mengine tutazungumza."

Ijumaa tulifunga. Gasketi ya kuzuia maji yasivuje Precious aliikata kwenye karatasi maalumu, nami nikakaza bolti mwenyewe. Tukaifuta taa, na jioni tukaipeleka safari ya kwanza, Tongoni na kurudi. Taa haikuwaka. Lakini hata kama kosa lingekuwapo, isingewaka siku ile. Kompyuta ilikuwa bado inadai safari ya pili, na safari ya pili ilikuwa ndiyo ya Ushongo.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu tukaondoka, tumekaa vilevile, mimi na daftari. Mwamvua alikuwa amevaa baibui jipya. Tulipotoka mjini akaanza kuutazama mshale wa joto. Ulipanda. Ukapita robo. Ukafika katikati ukasimama. Karibu na Tongoni aliondoa mguu kwenye mafuta.

"Shemeji, inachemka!"

"Haichemki."

"Miaka kumi na tatu sijauona mshale huu hapo! Nasimama."

"Usisimame. Precious, soma."

"Themanini na nne."

"Hapo ndipo unapotakiwa kukaa," nilisema. "Ulikuwa umelala kwa sababu niliulaza mimi."

"Na wewe ndiye uliyeniambia ukilala ni uzima!"

"Ndiyo. Nilikosea. Sasa nakwambia ukikaa katikati ni uzima, na ushahidi ninao kwa namba. Usiniamini mimi, amini namba."

Alishika usukani kwa mikono miwili. Nilimwona akisoma dua midomo ikicheza. Kisha akakanyaga mafuta.

Tukaingia Tongoni. Msikiti ukapita, maduka yakapita, ile kona ambapo taa imewahi kuwaka mara tano ikapita.

"Maji?"

"Themanini na tatu. Petroli inapunguzwa kidogo sana, kawaida tu. Babu, iko sawasawa."

Hakuna aliyesherehekea. Hadi Pangani, na kuvuka kwa kivuko mpaka Ushongo, tulikwenda kama watu waliobeba yai.

Mkaguzi, Asheri, alikuwa kijana wa miaka arobaini hivi, mwenye shati lililopigwa pasi na uso usiotaka mazoea. Alichomeka mashine yake, akasoma, akakunja uso.

"Hakuna kosa," alisema. "Lakini mashine inaonyesha makosa yalifutwa jana tu. Watu wengi hufuta asubuhi ya ukaguzi wakaja hapa wanacheka."

Mwamvua akanitazama. Nikashuka, nikampa Asheri daftari, ukurasa wa Jumatano na ukurasa wa Ijumaa. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika chini alisoma kwa sauti: "*Sababu: themostati ilitolewa 2011. Kosa la fundi. Fundi ni mimi, Nehemia Shekiondo.*" Akainua macho. "Hii umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Mafundi huwa hawaandiki hivi."

"Huandika yanayowapendeza," nilisema. "Hata mimi nilikuwa hivyo."

Aliomba ufunguo, akaiendesha pikapu peke yake kwa nusu saa kwenye barabara ya Pangani. Mwamvua alikaa kwenye mchanga na akina mama wa kikundi, ambao walimpa maji ya dafu asiyanywe. Asheri aliporudi alichomeka mashine tena, akasoma, akachomoa. Kisha akatoa fomu kwenye bahasha na kuuliza jina kamili la mwenye gari, na jina la dereva wa pili, kwa kuwa kazi ilitaka madereva wawili.

"Mwamvua binti Hamisi," alisema Mwamvua. "La pili acha wazi. Nitalileta Jumatatu."

Wakati wa kurudi hakutuuliza. Tulipofika Kigombe alikata kona akaingia njia ya mchanga, akasimama mbele ya nyumba yenye ua wa makuti. Alizima injini.

"Nitaomba radhi kwa ajili yangu na ya marehemu," alisema. "Ila la kwanza ni lako, shemeji."

Precious alikuwa amenishikia daftari. Nikasema, "Lete, nitakwenda nalo."

Nilipiga hodi. Suleimani alitoka mwenyewe, mvi zimemjaa, mkononi ana jembe alilokuwa analitia mpini. Alinitazama, akaitazama pikapu nyuma yangu, akamtazama Mwamvua ndani ya pikapu. Uso wake haukufunguka.

"Shikamoo," alisema, kwa kuwa adabu haikumtoka.

"Marahaba, Suleimani. Sikuja kukaa. Nimekuja kukusomea kitu, kisha ukitaka unifukuze."

Nikasoma. Machi 14, 2011. Kisha namba za Jumatano. Kisha ukurasa wa mwisho, ule wenye jina langu. Nilieleza jinsi injini iliyotolewa mlango ule mdogo wa shaba inavyodhani bado ni asubuhi ikanywa petroli kupita kiasi, na kwamba siku Uweso aliponiuliza mbele ya watu nilijibu bila kupima. Mkewe alikuwa ametokea mlangoni nyuma yake, na mtu wa jirani amesimama uani. Nilifurahi walikuwapo. Alipoitwa mwizi walikuwapo watu pia.

Nilipomaliza, Suleimani aliuzungusha mpini wa jembe mkononi.

"Miaka tisa," alisema.

"Ndiyo."

Mwamvua alikuwa ameshuka, amesimama kando yangu, analia bila sauti. Suleimani hakumwangalia bado. Alipita kando yetu, akaenda hadi kwenye pikapu, akaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa.

"Ina moto," alisema.

"Sasa ina moto," nilisema.

"Kutoka Ushongo mpaka hapa imekula lita ngapi?"

"Sijui. Sijaipima bado."

Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza kitu kikalegea usoni mwake. "Basi, fundi, safari hii tutapima pamoja," alisema. "Na wewe, shemeji Mwamvua, acha kulia juani. Ingia ndani, unywe chai."

Waya wangu sasa una samaki arobaini, na fomu ya Asheri ina jina la pili, la Suleimani. Jumatatu nilifungua daftari la kwanza na kuanza kuwapigia simu wenye magari, kila mwenye lebo. Wengi wameshauza, wengine wamekufa. Watatu wamesema watakuja.